Gari yako ni ya turbo au Kompressor? Geji ya presha ya petroli inaweza kuokoa injini

Simama nusu saa tu pembeni ya barabara ya Bariadi–Lamadi na utaziona. Subaru Forester yenye tundu la hewa juu ya boneti. Impreza iliyoshushwa chini. Benzi C-Class yenye neno KOMPRESSOR kwenye buti. Mara mojamoja inapita Mark II au Crown ya miaka ya mwisho ya 80 yenye maandishi ya Super Charger, mwenyewe akiitunza kama ng'ombe wa mahari.

Magari haya yanafanana kwa kitu kimoja: injini zake zinalishwa hewa kwa nguvu. Na mengi yanakufa kwa ugonjwa mmoja ambao dashibodi haiuoneshi. Petroli inapungua presha wakati hewa inaongezeka. Dereva hasikii kitu, taa ya injini haiwaki, gari inavuta vizuri tu, halafu siku moja ukilipita lori karibu na Lamadi unasikia mlio wa kugonga, moshi mweupe nyuma, safari imeishia hapo. Fundi akifungua injini anakuta pistoni imetoboka.

Kuna kifaa kidogo kinachoweza kukuonya kabla hayajafika huko. Kinaitwa geji ya presha ya mafuta. Kukifunga si kazi ngumu, ila kikifungwa vibaya kinaweza kuchoma gari zima. Twende taratibu.

Supachaja na turbo ni ndugu

Zote mbili kazi yake ni kusukuma hewa nyingi ndani ya injini kuliko ambayo injini ingeivuta yenyewe. Supachaja inazungushwa na mkanda kutoka kwenye injini, hizo ndizo Kompressor za Benzi na zile Toyota za zamani zenye injini ya 1G-GZE au 4A-GZE. Turbo inazungushwa na moshi unaotoka. Kwa habari yetu ya leo hakuna tofauti kubwa, kwa hiyo nikisema "busti" nina maana ya ule msukumo wa hewa, utoke kwenye turbo au kwenye supachaja.

Hewa ikiongezeka, petroli lazima iongezeke nayo. Kwa kawaida petroli inaungua vizuri kwa uwiano wa kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Injini ikiwa kwenye busti inataka petroli zaidi ya hapo, mara nyingi kati ya kilo 11 na 12 za hewa kwa kilo moja, kwa sababu ile petroli ya ziada inasaidia kupoza chumba cha kuungulia. Ukiipunguza, moto unakuwa mkali kuliko pistoni inavyoweza kuvumilia.

Neno la kushika ni hilo: kwenye busti, petroli ni chakula na pia ni maji ya kupoza.

Bomba la kupulizia pamba

Watu wa Simiyu hawahitaji maelezo marefu kuhusu presha. Kila aliyewahi kubeba bomba la dawa mgongoni kwenye shamba la pamba anajua: ukiacha kupampu, nozeli ni ileile, dawa ipo nusu tanki, lakini kinachotoka ni matone. Ukipampu, ukungu unarudi. Nozeli haijabadilika. Kilichobadilika ni presha nyuma yake.

Nozeli za gari zinafanya kazi hivyohivyo. Kompyuta ya gari, au kontrol boksi kama mafundi wengi wanavyoiita, inaamuru nozeli ifunguke kwa muda fulani, tuseme sehemu chache za elfu za sekunde. Inaamini kwamba nyuma ya nozeli kuna presha inayotakiwa. Kwenye mfumo wa kawaida wa magari haya, kompyuta haina namna ya kuipima presha hiyo. Inaamini tu.

Sasa ongeza busti. Nozeli inapulizia ndani ya njia ya hewa, na njia hiyo sasa ina hewa inayosukuma kurudi nyuma. Ni kama kupulizia dawa ukiwa umeuelekea upepo mkali. Ndiyo maana magari mengi ya turbo ya Kijapani ya miaka ya 90 na 2000 yana regyuleta yenye mpira mdogo uliounganishwa na manifoldi. Kazi ya mpira ule ni kuiambia regyuleta kuna busti kiasi gani, ili ipandishe presha ya petroli kwa kiasi hichohicho. Busti ikipanda kwa 0.5 bar, petroli nayo inapanda kwa 0.5 bar.

Tufanye hesabu kidogo. Presha ya msingi kwenye injini nyingi za aina hii ni karibu 3 bar, sawa na psi 43 au 44. Busti ikifika 0.8 bar, geji inatakiwa isome 3.8 bar. Tuseme pampu imechoka na geji imebaki palepale kwenye 3. Maana yake tofauti ya presha kati ya pande mbili za nozeli imeshuka hadi 2.2 bar, na petroli inayopita inapungua kwa asilimia 14 hivi. Gari iliyokuwa ikila kwa uwiano wa 11.5 sasa iko juu ya 13. Masikioni mwako hakuna kilichobadilika. Kwenye pistoni kimebadilika sana.

Kwa nini pampu zinachoka

Tabia ya kwanza ni ile ya "kutembelea taa". Unaweka petroli ya elfu kumi, unazunguka mjini, taa ya mafuta ikiwaka unaongeza ya elfu tano. Pampu ya umeme inakaa ndani ya tanki na inapozwa na petroli inayoizunguka na kupita ndani yake. Ukiiendesha siku zote na tanki karibu tupu, inafanya kazi kwenye joto, na uchafu wa chini ya tanki unaipitia wote.

Pili ni petroli ya chupa na madumu vijijini. Simlaumu anayeiuza, kwa sababu kuna maeneo ya Meatu na Itilima ambako bila yeye pikipiki hazitembei. Lakini dumu linaingia mchanga, linaingia maji ya mvua, na vumbi la barabara zetu halihitaji mwaliko. Filta inaziba kidogo kidogo. Gari isiyo na busti inaweza kuvumilia filta iliyoziba nusu kwa miezi mingi. Ya turbo haivumilii, kwa sababu inapokanyagwa inataka petroli nyingi kwa wakati mmoja.

Tatu, na hapa niwe mkweli kuhusu gereji zetu, ni pampu za kubahatisha. Pampu ya Subaru ya turbo inakufa, ya kwake haipatikani, inafungwa ya gari dogo lisilo na turbo kwa sababu "inaingia". Inaingia kweli. Silensa inakaa vizuri, mjini gari inatembea bila shida. Kwenye lami iliyonyooka, ukikanyaga mafuta hadi mwisho, pampu hiyo haina pumzi.

Kabla ya kununua chochote

Geji hii si ya kila gari. Hapa naomba usiruke mstari.

Kama gari yako ni ya dizeli yenye mfumo wa kisasa, mfano Hilux, Prado au Hiace ya D-4D, usiguse mabomba yanayokwenda kwenye nozeli kwa ajili ya kufunga geji hii. Presha ya pale inazidi 1,000 bar. Dizeli ikitoka kwenye tundu dogo kwa presha hiyo inatoboa ngozi na kuingia mwilini, na hilo ni jeraha la kukimbizwa hospitali hata kama kwa nje linaonekana kama mchomo wa sindano.

Magari ya petroli yenye kupulizia moja kwa moja ndani ya silinda nayo yana upande wa presha kubwa sana. Mark X ya GRX120 yenye injini ya 4GR-FSE iko kundi hilo, ingawa haina turbo. Golf na Audi za TFSI zimo pia. Huko presha inasomwa kwa mashine ya kupimia kompyuta, usiunganishe geji ya kawaida kwenye bomba.

Halafu kuna magari ambayo regyuleta yake iko ndani ya tanki, hayana bomba la kurudisha petroli na hayana ule mpira mdogo wa manifoldi. Mengi ya miaka ya 2000 kuja juu yako hivyo. Kwa haya geji inafungika, lakini usitegemee presha ipande na busti. Itakaa sehemu moja na kompyuta itafidia kwa kuiacha nozeli wazi muda mrefu zaidi. Unachotafuta kwenye gari ya aina hii ni mshale usioshuka. Muulize fundi gari yako iko kundi gani, na asiyejua tofauti hiyo asiifungue.

Geji gani?

Kuna mbili. Ya mshale wa kawaida, petroli yenyewe inafika hadi ndani ya geji. Ya umeme, petroli inaishia kwenye sensa chini ya boneti, na waya tu ndio unaoingia ndani ya gari.

Sheria ni moja: petroli haiingii chumba cha dereva. Nimeona picha mitandaoni za watu waliopitisha mpira wa petroli kwenye tundu la ukuta wa moto na kufunga geji juu ya dashibodi, halafu wanapongezwa kwenye maoni. Mpira huo ukichomoka, petroli yenye presha ya bar tatu au nne inamwagika miguuni mwako, na pampu inaendelea kusukuma maadamu injini inawaka. Kama unataka kuisoma ukiwa umekaa, nunua ya umeme. Kama unataka ya mshale, ibaki chini ya boneti kwa ajili ya vipimo.

Chagua inayosoma kuanzia 0 hadi 7 bar, au 0 hadi psi 100. Ile ya psi 15 hadi 30 ni ya magari ya kabureta na itapasuka. Geji zenye kimiminika ndani zinatuliza mshale usitetemeke, ila chini ya boneti kimiminika kinapata joto, kinatanuka, na geji inaweza kusoma chini ya ukweli. Nyingi zina kizibo kidogo cha mpira juu cha kutolea presha hiyo ya ndani.

Kufunga

Kazi hii inafanyika nje au sehemu yenye hewa, injini ikiwa baridi kabisa. Hakuna sigara, hakuna jiko la mkaa la mama lishe mita tatu pembeni, hakuna anayechomelea gari la jirani. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini na unaweza kuufuata moto ulipo. Watanzania hatuhitaji mfano wa mbali: Agosti 10, 2019 pale Msamvu, Morogoro, watu zaidi ya 100 walipoteza maisha baada ya lori la petroli lililopinduka kulipuka. Mtungi wa kuzimia moto wa unga uwe mkononi, usiwe kwenye buti chini ya magunia, na namba ya Zimamoto ni 114.

Hatua ya kwanza ni kutoa presha iliyobaki kwenye mabomba. Chomoa fyuzi au rilei ya pampu ya mafuta, washa injini, iache iungurume hadi izime yenyewe, kisha piga stata tena sekunde chache. Chomoa terminali hasi ya betri. Hata baada ya hapo, ukilegeza mpira funga kitambaa juu yake, maana kuna petroli itatoka tu. Fungua pia kifuniko cha tanki.

Wapi pa kuunganisha? Baada ya filta, kabla ya reli ya nozeli. Mafundi wengi wanakosea hapa kwa sababu kabla ya filta kuna nafasi zaidi. Ukiiweka kabla ya filta, geji itakuonesha presha nzuri hata kama filta imeziba na nozeli zinalia njaa. Utakuwa umenunua kifaa cha kukudanganya.

Kwenye Forester na Impreza nyingi za turbo za zamani kazi ni rahisi: filta iko chini ya boneti upande wa kushoto, na kutoka hapo kuna mpira unaokwenda kwenye injini. Mpira huo unakatwa na kuwekwa kiunganishi cha T, na kwenye mdomo wa tatu ndipo sensa inapokaa. Turbo yenyewe iko nyuma upande wa kulia, kwa hiyo hakikisha mpira wako mpya hauendi upande huo kabisa. Kwenye Toyota za zamani mara nyingi unakuta bolti yenye tundu katikati inayobana bomba la petroli kwenye filta au reli. Kuna bolti za aina hiyo zenye nafasi ya kufunga sensa juu, na waša zake za shaba au alumini zinabadilishwa mpya kila ukifungua. Kuokota ya zamani na kuigonga nyundo si kubadilisha.

Mambo mawili yanaamua kama utalala salama. La kwanza ni mpira. Mpira wa maji, mpira wa gesi ya jikoni, hata mpira wa petroli wa kabureta, vyote havifai. Unataka ulioandikwa kwamba ni wa EFI, kwa kawaida utaona alama ya R9 ubavuni. La pili ni klempu. Zile za kukaza kwa bisibisi zenye mikato kwenye ukanda wake zinakata mpira taratibu. Tafuta za EFI zenye ukanda laini na bolti ndogo, ambazo zinabana mpira sawasawa mduara mzima.

Kwenye nyuzi za sensa usitumie ile tepu nyeupe ya mafundi bomba wa maji. Vipande vyake vinakatika, vinasafiri na petroli, na vinaishia ndani ya nozeli. Tumia gundi ya nyuzi iliyoandikwa kwamba inahimili petroli. Na kama sensa ni nzito, usiiache ining'inie kwenye T ya shaba: mtetemo wa injini utaivunja shingo. Ifunge ukutani kwenye mwili wa gari na uiunganishe na T kwa mpira mfupi wa EFI au ule wenye nyuzi za chuma.

Waya ni sehemu fupi. Umeme uchukuliwe kwenye saketi inayowaka na swichi ya gari, upitie fyuzi yake ndogo, na hasi ikae kwenye chuma kisafi kisicho na rangi. Waya ukipita kwenye ukuta wa moto uvishwe mpira usikatwe na bati.

Kisha kabla ya kuwasha, jaribu kuvuja. Rudisha fyuzi na betri, geuza swichi hadi ON bila kupiga stata. Kwenye Subaru utasikia pampu ikilia sekunde mbili hivi na kunyamaza. Rudia mara tatu nne, huku mtu mwingine akimulika tochi kwenye kila kiungo. Toyota nyingi za miaka ya 90 hazilii ukiweka ON tu. Kwa hizo fundi anaunganisha FP na +B kwenye kiboksi cha DIAGNOSIS chini ya boneti ili pampu izunguke. Pakiwa na unyevu, hata tone moja, zima. Usikaze mpira ukiwa na presha ndani.

Kusoma mshale

Hapa ndipo faida ilipo, na ndipo wengi wanapoishia kupiga picha ya geji na kuiweka status.

Kwa gari yenye ule mpira mdogo wa regyuleta, washa injini, ikae silensa, halafu chomoa mpira huo na uzibe mdomo wake wa upande wa manifoldi kwa kidole. Presha iruke hadi ile ya msingi, karibu 3 bar kwa Subaru nyingi za turbo. Ukiunusa mpira na ukakuta harufu ya petroli au tone, ngozi ya ndani ya regyuleta imechanika, badilisha. Rudisha mpira, na presha ishuke kwa sababu injini inavuta.

Ishuke hadi wapi? Hapa kuna jambo la kwetu. Vitabu na video nyingi zinapimwa sehemu za usawa wa bahari. Ziwa Victoria peke yake liko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na Bariadi iko juu ya ziwa. Hewa yetu ni nyepesi kidogo, kwa hiyo mvuto wa injini kwenye silensa unaonekana mdogo kuliko wa Dar. Mwenzako wa Dar akikuambia yake inasoma 2.3 kwenye silensa na yako inasoma 2.4 au 2.5, usikimbilie kununua regyuleta. Kipimo cha mpira uliochomolewa ndicho cha kulinganisha, kwa sababu hicho hakijali uko mwanza wa ziwa au ufukweni Kigamboni.

Kipimo cha busti ndicho kinachookoa injini. Unahitaji geji ya busti pia, la sivyo hujui ulinganishe na nini. Usifanye kwenye maeneo ya makazi, ambako mwisho ni kilomita 50 kwa saa na watoto wanavuka na ng'ombe. Chagua sehemu iliyo wazi, gia ya tatu, kanyaga sekunde chache tu. Na usitazame geji wewe unayeendesha. Mwenzako ashike simu na arekodi geji zote mbili, mtaitazama video mkishasimama.

Mnachotafuta ni hesabu moja: presha ya petroli toa busti. Jibu libaki lilelile tangu mwanzo hadi mwisho. 3.4 toa 0.4 ni 3. 3.8 toa 0.8 ni 3. Safi. Lakini ikiwa kwenye 0.4 inakupa 3, na kwenye 0.8 inakupa 2.6, basi pampu au filta imeshindwa, na kila unapokanyaga unaikata injini maisha.

Ikishindwa, usikurupuke kununua pampu. Anza na filta, ndiyo ya bei rahisi. Halafu mwambie fundi apime volti kwenye plagi ya pampu yenyewe, wakati inafanya kazi chini ya mzigo. Injini ikiwaka betri inapata karibu volti 13.5 hadi 14. Kama kwenye pampu zinafika 11, tatizo ni waya, au hasi iliyoota kutu chini ya kiti cha nyuma, na pampu mpya itachoka vilevile. Magari kadhaa ya Subaru yana kifaa kinachopunguza kasi ya pampu kwenye silensa, ndiyo maana kipimo cha silensa hakitoshi.

Kuna kipimo cha mwisho ambacho ni cha bure. Zima injini na utazame mshale dakika kadhaa. Kushuka taratibu ni kawaida. Ukianguka hadi sifuri papo hapo, kuna valvu ya pampu isiyoshika, regyuleta inayopitisha, au nozeli inayodondosha petroli ndani ya silinda. Hii ndiyo gari inayokusumbua kuwaka asubuhi.

Geji isichokuambia

Haitambui mafuta ya taa. Uchakachuaji ulikuwa mkubwa nchini hadi mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuchanganya kusiwe na faida. Petroli iliyochanganywa inaweza kuwa na presha nzuri ya 3.8 na bado ikaifanya injini igonge, kwa sababu tatizo lake ni namna inavyowaka. Kwa injini ya turbo iliyotengenezwa ili itumie petroli ya daraja la juu ya Japani, ukisikia mlio kama kokoto kwenye kopo unapokanyaga, achia mguu hata kama geji inakuambia mambo ni mazuri.

Haitambui pia nozeli moja iliyoziba. Presha kwenye reli itakuwa sawa huku silinda namba tatu ikikosa petroli. Kwa hilo unahitaji nozeli zipimwe kwenye mashine, na kama una uwezo, geji ya kupima uwiano wa hewa na petroli kwenye egzosi. Hizo mbili zikikaa pamoja na geji ya busti, ndipo unajua karibu kila kitu.

Na kama uko barabarani, geji ya umeme imeanza kushuka huku umekanyaga, usisubiri kuona itafika wapi. Achia mafuta pole pole, busti itapotea mara moja. Kwenye mwendo mdogo bila busti pampu iliyochoka mara nyingi bado inatosha, unaweza kufika Bariadi kwa 60. Ukisikia harufu ya petroli hapohapo, hiyo ni habari nyingine: weka pembeni, zima swichi kabisa, toa watu wote nje, na usifungue boneti kwa pupa.

Baada ya wiki moja ya kutembea, rudi kwenye zile klempu na spana ndogo. Mpira mpya ukishapata joto na kupoa mara kadhaa unakaa, na klempu iliyokuwa imebana siku ya kwanza inaweza kuwa imelegea.